Ruhusa ya Wimbo wa Kuwinga Ndege

Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja, na mstari wa sahihi ulikuwa chini kabisa. Mchapishaji alikuwa ameniandikia kwamba kila wimbo katika kitabu changu lazima uwe na ruhusa ya aliyeuimba, au ya jamaa yake ikiwa mwenyewe ameaga. Kwa hiyo mwaka huo, badala ya kukaa kivulini kama wastaafu wenzangu, nilizunguka Mbeere yote nikitafuta wana na wajukuu wa waimbaji wangu. Walinitilia sahihi juu ya kofia za pikipiki na juu ya magunia ya ndengu. Mmoja alimwinamisha mkewe akaandikia mgongoni mwake, na mke akacheka hadi kalamu ikatoboa karatasi. Sahihi zote zikapatikana isipokuwa moja, ya dada yangu.

Dada yangu hakuwa amezungumza nami kwa miaka tisa.

Sina budi kujieleza kidogo. Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari mpaka nikastaafu, lakini kazi niliyoipenda ilikuwa nyingine. Tangu ujana nimekuwa nikikusanya nyimbo, hadithi na vitendawili vya Wambeere, watu wangu, na pia ninatunga mashairi kwa lugha hiyo. Diwani yangu ilichapishwa kwa fedha zangu na nakala nyingi ziko chini ya kitanda. Niliwahi kuombwa nisome shairi kwenye harusi moja mjini Embu. Nilipofika ubeti wa pili mfawidhi alininong'oneza, "Mwalimu, fupisha, chakula kinapoa." Nikafupisha. Walionipigia makofi walikuwa wakiushangilia wali.

Watu hudhani mkusanyaji wa hadithi ni mtu mwenye marafiki wengi, kwa sababu anaingia nyumba za watu na kupewa uji. Sivyo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi sijawahi kufika siku ya tatu mahali popote. Nilikuwa nafika, nawasha kinasa sauti, nachukua nilichokitaka na kuondoka. Wazee walinipenda kwa mchana mmoja. Sasa wengi wao wamekufa, na sauti zao ziko katika maboksi nyumbani kwangu, Manyatta, katika chumba ambacho kingekuwa cha wajukuu.

Mke wangu alikuwa Mmeru. Mimi Mmbeere wa bondeni kwenye joto, yeye wa mlimani, basi tukanunua shamba Manyatta penye kahawa na baridi ya wastani ili kila mmoja alalamike nusu. Alifariki miaka minne iliyopita. Tangu hapo kuna siku ambazo sauti ya kwanza ninayoisikia ni ya mtu wa maziwa, naye husema maneno matatu tu: "Mwalimu, leta kopo." Nimejikuta nikimjibu msomaji wa habari redioni. Sioni aibu kuandika kwamba nina upweke, na kwamba si wa juzi. Ulianza nikiwa na nyumba iliyojaa watu.

Nirudi kwa dada yangu. Yeye ndiye kifungua mimba, mimi nilimfuata, na tuko wawili tu tuliobaki kwa mama. Nilipokuwa mdogo, mawele yalipoanza kutoa masuke, ndege walikuja kwa maelfu. Wanawake walipanda juu ya madungu katikati ya mashamba tangu alfajiri, wakarusha madongoa kwa kombeo, na ili wasisinzie juani wakaimba. Kila mama alikuwa na wimbo wake wa kuwinga ndege, na watu walimtambua mtu kwa wimbo wake hata kama hawamwoni. Wa mama yetu ulikuwa na beti tatu. Wa kwanza uliwasalimu ndege kama wakwe waliokuja bila taarifa. Wa pili uliwaelekeza kwenye shamba la jirani mvivu. Wa tatu uliwatuma nyumbani, kwa waume waliobaki wamelala, wakawadonoe mahali ambapo sitapataja hapa. Wanawake wa madungu mengine waliitikia ubeti huo kwa vigelegele, na baba alipousikia alijifanya anatafuta mbuzi.

Mama alipokufa, wimbo ulibaki kwa dada. Miaka ishirini na kitu iliyopita nilikwenda kwake, karibu na Siakago, nikamwomba auimbe mbele ya kinasa sauti. Alicheka, akafunga mlango, akauimba wote kwa sauti ambayo sijasikia tena mfano wake. Katika kanda zangu zote, hiyo ndiyo niliyoithamini kuliko nyingine.

Kisha, miaka tisa iliyopita, nikaalikwa kwenye kipindi cha utamaduni cha redio moja ya lugha zetu. Mtangazaji akauliza kama nina mfano wa wimbo. Ningekosaje? Niliweka kanda ya dada, wimbo mzima, ubeti wa tatu pamoja. Na kwa kuwa kwetu watafiti kumtaja mwimbaji ni heshima, na kutomtaja ni wizi, nikamtaja: jina lake, la mumewe, la kijiji, hata kanisa analosali. Nilitoka studio nikiwa nimejaa fahari. Nilidhani nimempa zawadi.

Dada yangu wakati huo alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa lake. Wazee wa kanisa walimwita. Walimuuliza kama ile sauti ni yake, naye si mwongo. Wakamnyima meza ya Bwana kwa miezi sita, wakamvua kitambaa cha kikundi, na kila Jumapili akakaa benchi ya nyuma pamoja na wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa. Sokoni wanawake walianza ubeti wa tatu kila alipopita na kikapu. Akaacha kwenda soko hilo. Alinipigia simu mara moja tu. "Umenivua nguo sokoni," akasema, akakata.

Kosa langu nililijua siku hiyo hiyo, lakini nilikuwa na maneno ya kitaalamu ya kujitetea, nikayatumia kwa muda mrefu. Nilituma shali, ikarudi. Nilituma unga wa mawele, mzuri, na ukarudi. Mke wangu alipofariki, dada alikuja. Alipika siku mbili katika sufuria za matanga, akalia kwa sauti kaburini, akaondoka bila kunipa mkono.

Basi ilinichukua majuma kadhaa kuamua kwenda na fomu ile. Kusema kweli nilitaka vitu viwili, sahihi na dada yangu, na nilikuwa mwoga kiasi cha kubeba karatasi ili nisilazimike kukitaja kile cha pili.

Nilimkuta uani akipepeta ndengu. Alikuwa ametandika turubai, na ungo ulikuwa ukipanda na kushuka mikononi mwake bila yeye kuutazama. Amezeeka. Mimi pia, nadhani, maana alinitazama kitambo kabla ya kusema.

"Karibu, mwalimu."

Tunazungumza Kimbeere, nami naandika kwa Kiswahili, lakini neno hilo alilisema hivyo hivyo, mwalimu, kama mtu wa maziwa. Zamani aliniita mūrū wa maitū, mwana wa mama. Hakuna mtu mwingine aliyebaki duniani wa kuniita hivyo. Nilikaa kwenye kigoda.

Alinipa uji. Akaniuliza habari za kahawa, nikamuuliza habari za mvua. Mvua ilikuwa imewahadaa, alisema, imenyesha mara mbili ikaaga. Tukaongea hivyo kama watu waliokutana kliniki. Mwishowe nikatoa karatasi, nikaieleza yote, mchapishaji, kitabu, mstari wa chini. Nilisikia sauti yangu ikiwa ya darasani.

Aliweka ungo chini.

"Miaka tisa," akasema, "halafu unakuja na karatasi."

"Nilikosa," nikasema.

"Najua ulikosa. Nani hajui? Hata mzee wa kanisa alijua, aliniambia mwenyewe baadaye kwamba wewe ndiye uliyepaswa kukaa benchi. Sikuwa nangoja uniambie ulikosa. Nilikuwa nangoja uje."

"Nilituma shali."

"Shali ina miguu?"

Kuku alipanda juu ya turubai, dada akamfukuza kwa mkono. Nikamwambia kwamba akikataa nitautoa wimbo kitabuni, na nilimaanisha. Lakini kitabu bila wimbo ule kingekuwa kwangu orodha ya vitu vya watu wengine. Nikamwambia pia kwamba jina lake halingeandikwa kama hataki, tungeweza kuweka "mama mmoja wa Mbeere".

"Jina langu usiliandike popote tena," akasema. "Lakini pia usiandike mama mmoja. Wimbo una mwenyewe. Mimi niliazima tu. Kamwombe mwenyewe."

"Mwenyewe ni maitū, na maitū alikufa."

"Maitū yuko Timau," dada yangu akasema.

Kwa asiyetujua nieleze. Kwetu binti wa kwanza wa mwanamume hupewa jina la mama wa huyo mwanamume, na si jina tu. Anakuwa yeye. Binti yangu alipozaliwa, dada alitembea na kikapu cha mayai, akamchukua mtoto wa siku nne, akamwinamia na kumwambia, "Maitū, umerudi." Tangu hapo hakumwita vinginevyo. Alimtengea paja la kuku kwenye sherehe na kumsemesha kwa adabu hata alipokuwa na kamasi puani. Mimi, msomi, niliandika makala kuhusu desturi hiyo. Dada yangu aliiishi tu.

Sasa binti huyo ana miaka thelathini na zaidi, na ni msimamizi kwenye shamba la maua Timau, upande wa pili wa mlima, kwenye baridi inayopasua midomo. Tunapigiana simu sikukuu na msiba ukitokea.

Dada alinyoosha mkono. "Mpigie."

Nikapiga, nikaweka sauti ya nje. Iliita mara nyingi.

"Dad? Ni nini? Nani ameaga?"

"Hakuna aliyeaga. Niko kwa tata yako."

"Tata ni mgonjwa?" Ndivyo amwitavyo shangazi yake.

"Nipe," dada akasema, akaichukua simu kwa mikono miwili. Alikaa wima, akavuta leso vizuri mabegani kama anaingia mbele ya watu. Kisha akaongea Kiswahili chake cha sokoni, maana anajua mtoto huyo hajui Kimbeere.

"Maitū, ni mimi. Habari ya siku mingi?"

"Poa sana, tata! Ai, nimekumiss. Uko aje huko, kuna joto?"

"Joto iko. Maitū, mimi nimekuja kukuomba ruhusa. Ile wimbo yako ya mwere, hiyo mawele, ile ya kufukuza ndege. Huyu kijana wako anataka kuiweka kwa kitabu. Mimi nimekataa kumpea, nimemwambia hiyo si yangu, ni ya maitū. Sasa sema wewe. Unampea ama unamnyima?"

Kulikuwa na kelele za mashine upande wa pili, na mtu akimwita. Nilikuwa pale, mwanamume wa umri wangu, na fomu mkononi, nikingoja hukumu ya mtoto niliyemfunga nepi.

"Wimbo gani, tata? Ya nani?" Binti yangu alicheka, kicheko cha upole cha mtu mwenye haraka. "Eh, sawa tu. Aweke. Mimi sina shida kabisa. Dad, unaskia? Weka tu. Si basi nitawapigia jioni? Kuna order inatoka saa hii na wanakuja kuinspect. Love you, tata. Bye, Dad."

Simu ikanyamaza. Dada aliendelea kuishika kidogo, akitazama kioo chake, kisha akanirudishia.

"Amekubali," nikasema.

"Amekubali."

Akaomba kalamu. Aliweka fomu juu ya mgongo wa ungo, akaandika jina la mama yetu herufi moja moja, kwa mwandiko alioupata katika masomo ya watu wazima alipokuwa anajifunza kusoma Biblia. Alipomaliza aliupuliza wino ukauke. Sikuamini. Nilikuwa na sahihi ya mwisho, na kitabu cha maisha yangu kilikuwa kimekamilika.

"Hakuuliza unasemaje," dada akasema.

"Nini?"

"Wimbo. Hakuuliza unasema nini. Mtu akiombwa mbuzi wake huuliza ni mbuzi yupi."

Nikasema ana kazi nyingi. Nikasema vijana wa siku hizi ndivyo walivyo, neno ambalo nimelisema mara nyingi kwenye semina na watu wakatikisa kichwa.

"Hukumwimbia?"

"Nyumbani tulikuwa tunaongea Kiswahili. Mama yake Mmeru, mimi Mmbeere..."

"Sijakuuliza mliongea nini. Mama yake hakukataza wimbo. Wewe ulizunguka nchi hii yote ukiuliza mama za watu waliimba nini. Nyumbani kwako mliimba nini?"

Sikutaka kumjibu. Lakini alikuwa amenitilia sahihi, na alikuwa amesubiri miaka tisa nije, na nilijua nikimdanganya sasa nitarudi Manyatta nikiwa sina hata yeye. Nikamwambia.

Nyumbani kulikuwa kimya. Nilikuwa mkali juu ya kimya hicho. Jioni nikitoka shule nilijifungia na kanda zangu, kusikiliza neno moja mara ishirini kabla ya kuliandika, na watoto walifundishwa kupita mlango huo kwa ncha za vidole. Mke wangu aliwanyamazisha kwa niaba yangu. Nilisema ni kazi kwa ajili yao, ili siku moja wajue walikotoka.

Mwaka ule niliomrekodi dada, nilitaka kutengeneza nakala ya pili ya kanda, isije ikaliwa na mashine. Sikuwa na vifaa. Tulikuwa tunaweka redio mbili zikitazamana juu ya meza, moja ikicheza, nyingine ikinasa, na chumba kizima kinyamaze mpaka kanda iishe. Nilikuwa nimesimama pale nikishika pumzi. Wimbo ulifika ubeti wa pili, nikasikia sauti nyingine ndani yake. Binti yangu alikuwa mlangoni. Alikuwa na miaka mitano hivi, ameshika fremu ya mlango, anaufuata wimbo. Hakuyajua maneno, aliyakamata mwisho mwisho tu, lakini sauti aliipata sawasawa, na alikuwa akimtazama yule shangazi aliyekuwa ndani ya redio na kumwitikia, kama wanawake wa madungu mengine walivyokuwa wakimwitikia mama.

Nilimpigia kelele. Nilimwambia ameharibu kanda. Alikimbia, na sikumbuki kama alilia, kwa sababu sikumfuata kuangalia.

Dada alikuwa bado hajarudi kupepeta. Alikaa na ungo mapajani, mtupu, na fomu ile juu yake. Alizitazama ndengu zilizotandazwa juani.

"Kumbe wimbo ulikuwa umeshamfikia, mūrū wa maitū," akasema.

"Ulikuwa umemfikia," nikasema.

"Na hiyo kanda yenye sauti yake, iko wapi?"

"Haipo," nikamwambia. "Nilirudisha nyuma, nikaanza upya, kukiwa kimya."